Tunampenda Jim Reeves, mbona Ondara awe mgeni?

Jim Reeves alikufa katika ajali ya ndege mwezi Julai 1964, lakini Jumapili hapa Kenyatta Market bado ana wafuasi wengi kuliko mwanamuziki yeyote aliye hai. Upande wa nyama choma huanza naye mapema, makaa yakiwa hayajashika moto vizuri. Baadaye huja Kenny Rogers, kisha Don Williams, Dolly Parton na Skeeter Davis, na watu wakishashiba mbavu, Charley Pride. Sisi wasusi tunasikiliza tupende tusipende, maana spika ni zao na ukuta tumegawana. Mimi napenda. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na kanda za kantri ndizo alizotuachia sebuleni kila alipoondoka safari. Nimesuka vichwa vingi sana nikiwa na sauti hizo masikioni.

Kwa hivyo sijaja kuwasema wapenzi wa kantri. Nimejisema pamoja nao. Tuna ubaguzi mmoja wa ajabu ambao hatujaukubali: Mmarekani akiimba kantri, tunasema wimbo ni mtamu, Mkenya akiimba kantri, tunasema anaiga wazungu. Na mtu ambaye ubaguzi huu umemnyima kiti kwenye meza ya kwao ni mwimbaji wa Nairobi anayeitwa J.S. Ondara.

Nina hakika wasomaji wengi hawamjui, na hilo ndilo lalamiko langu lenyewe. Ondara alikulia hapa Nairobi. Hakuwa na gita. Alikuwa na redio na tabia ya kuandika hadithi na mashairi. Redio ndiyo iliyomletea Nirvana na Radiohead, na akawa kijana wa kupenda magita ya watu wa mbali. Siku moja akabishana na mwenzake kuhusu mwenye wimbo wa "Knockin' on Heaven's Door". Yeye akashikilia kwamba ni wa Guns N' Roses. Wakawekeana dau, naye akashindwa, kwa kuwa aliyeutunga ni Bob Dylan, mwaka wa 1973. Kushindwa huko ndiko kulikompeleka kumtafuta Dylan, na hakumwacha tena.

Mwaka wa 2013 alihamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, alikokuwa na jamaa. Minnesota ndilo jimbo alikozaliwa Dylan. Huko akajifundisha gita akiwa tayari mtu mzima. Tarehe 15 Februari 2019, lebo ya Verve Forecast ikatoa albamu yake ya kwanza, Tales of America, yenye nyimbo 11. Unaofungua albamu hiyo ni "American Dream", mmoja wa nyimbo zilizotolewa kuitangaza. Mwaka huo haujaisha, albamu ikateuliwa kuwania Grammy katika kitengo cha Americana, ambacho ni nyumba ya kantri ya kizamani, bluzi na nyimbo za gita za kusimulia. Katika sherehe ya Januari 2020 tuzo ilikwenda kwa Keb' Mo'. Lakini hebu tazama orodha ya walioshindana: kati ya watano, watatu walikuwa weusi, yaani Keb' Mo' mwenyewe, Yola wa Uingereza, na huyu wetu wa Nairobi. Hapa nyumbani habari hiyo ilipita gazetini siku moja mbili, ikazimika. Redio zikarudi kwa Jim Reeves.

Mimi nilimjua kupitia kwa mteja. Alikuwa msichana anayesomea uuguzi, na alikuja kusukwa rasta ndogo. Kichwa kama hicho ukikishika peke yako kinakula siku nzima, ndiyo sababu hapa sokoni tunasuka wawili au watatu kwa kichwa kimoja, kila mtu na upande wake. Kazi yetu ina faida moja kwa mpenda muziki. Mikono ikishaingia kwenye nywele, huwezi kushika simu kuruka wimbo. Unausikiliza mpaka mwisho, na ukirudiwa unausikiliza tena. Msichana alicheza Tales of America yote, tangu mwanzo hadi mwisho, halafu akairudia.

Jirani yetu wa kuchoma nyama alikuja kuomba chenji, akasimama mlangoni na noti mkononi. "American Dream" ulikuwa ukicheza. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza, "Huyu mzungu ni nani, mama? Ananikumbusha wale wa zamani."

Msichana akajibu kwamba si mzungu, ni kijana wa Nairobi.

Nilimwona jirani akibadilika uso. Wimbo haukuwa umefika hata nusu, lakini tayari sauti ilikuwa nyembamba mno, gita lilikuwa moja tu, na kwa nini haimbi Kiswahili? "Hawa vijana wanapenda kuiga," akasema, akachukua chenji yake, akarudi kwake kumsikiliza Don Williams.

Jirani yangu ni mtu mzuri na nyama yake ni safi. Sisemi haya kumchongea. Alisema kwa sauti kile ambacho watu wengi wanakifikiri kimyakimya, na nimeshukuru kwamba alikisema mbele yangu, kwa sababu alinipa jambo la kufikiria.

Nilichokuja kukikumbuka ni kisa cha Charley Pride, huyo huyo anayefunga Jumapili zetu. Pride alikuwa mtu mweusi kutoka Mississippi. Kampuni ya RCA ilipoanza kutoa nyimbo zake mwaka wa 1966, ilizipeleka kwenye vituo vya redio bila picha yake. Ilitaka watangazaji wawachezee wasikilizaji wimbo kwanza, ya rangi yaje baadaye. Hila ilifaulu. Walipokuja kumwona jukwaani, walikuwa wameshampenda, na wengi hawakuweza kurudi nyuma. Jirani yangu naye aliletewa wimbo bila picha, akaupenda, kisha akaambiwa mwimbaji ni nani. Yeye alirudi nyuma. Wazungu wa Marekani ya mwaka 1966 walifaulu mtihani ambao sisi tunaufeli leo, tena aliyekuwa mbele yetu ni mtoto wa kwetu.

Tuichukue hoja ya kuiga, maana ndiyo kubwa. Inasema kantri ni mali ya watu wengine na sisi ni wageni waalikwa: turuhusiwe kusikiliza, tusithubutu kuimba. Historia ya hapa hapa inakataa.

Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akinasa muziki wa watu, alifika Kapkatet, Kericho. Wakipsigis wakamwimbia kuhusu kiumbe waliyemwita Chemirocha. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi ambaye Wamarekani humwita baba wa kantri, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huko enzi za ukoloni pamoja na gramafoni. Watu wakaisikia sauti bila kumwona mwenyewe, wakamtungia umbo la kwao, nusu binadamu na nusu swara. Kisha wakamtungia wimbo kwa chepkong, kinubi chao cha jadi, na katika rekodi inayojulikana zaidi ni wasichana wanaoimba. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 baadaye zikarudishwa Kapkatet, Ketebul Music ya hapa Nairobi ikiwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.

Wale wasichana hawakumwomba mtu ruhusa. Walisikia kitu kizuri, wakakiweka kwenye ala yao na kwenye lugha yao. Na angalia mwaka: 1950. Jim Reeves mwenyewe alikuwa hajavuma bado. Wimbo uliomfungulia njia, "Mexican Joe", ulikuja mwaka wa 1953. Kumbe Kericho ilikuwa na kantri yake kabla Jim Reeves hajawa Jim Reeves.

Haikuishia hapo. Gita la kudonoa kwa vidole lilitoka Kongo na Jean-Bosco Mwenda, ambaye Tracey alimrekodi wimbo wa "Masanga" mwaka wa 1952, likaenea hadi kwetu. Huko magharibi mwa Kenya, George Mukabi akalipiga kwa mtindo wa omutibo, pembeni mtu akigonga chupa ya Fanta kushika mdundo. Ni mtu mmoja, gita moja, na hadithi ya mapenzi au ya mkasa. Nenda leo kwenye baa yoyote ya Nairobi yenye mugithi. Mpigaji mmoja na gita lake, wa nyayo za Mike Rua au Salim Junior, atapita kwenye nyimbo za Kikuyu, atachomeka Kenny Rogers katikati, na umati utaimba wote bila kuona mpaka. Kwa miaka yote hii masikio yetu yamekuwa yakijua kwamba nyimbo hizi ni ndugu. Midomo ndiyo inayokana.

Na huko Marekani wanakosema ndiko kwa wenyewe, mambo ni vivyo hivyo. Banjo ilifika huko na Waafrika waliouzwa utumwani. DeFord Bailey, mtu mweusi mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoijenga Nashville. Hank Williams alifundishwa gita na mzee mweusi wa mtaani, Rufus Payne. Muziki ukaja kuwekewa ua na wenye kampuni, weusi wakabaki nje, na Beyoncé akalazimika kuugonga mlango tena. Februari 2024 wimbo wake "Texas Hold 'Em" ulimfanya mwanamke mweusi wa kwanza kushika namba moja kwenye chati ya nyimbo za kantri ya Billboard. Albamu yake ya Cowboy Carter ilitwaa Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka mwaka wa 2025. Tulishangilia hapa sokoni, na haki yetu. Nilijiuliza tu: mbona tulimshangilia Beyoncé wa Houston, na Ondara wa Nairobi tukamwambia arudi kwenye muziki wa kwao?

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe, kwa sababu mimi sitetei pasipoti. Wimbo ungekuwa mbaya ningenyamaza. "American Dream" una gita lisilo na haraka, ala chache nyuma yake, na sauti inayopanda juu hadi unakaribia kudhani ni mwanamke anayeimba. Jina linakuahidi sherehe, lakini ndoto yenyewe ina giza ndani yake. Mwimbaji amevutwa na kitu ambacho pia kinamtisha. Hakuhubiri, hakulia, na hakukupa jibu. Ndani ya albamu kuna "Saying Goodbye", wa kuagana na mtu uliyekuwa, na mwishoni kuna "God Bless America", ambamo mgeni anaizungumzia nchi aliyohamia. Ukizisikiliza kwa mfululizo unapata safari nzima ya mtu anayeondoka.

Hapo ndipo kazi yangu inanipa la kusema ambalo wachambuzi wa Minneapolis hawana. Watu wa safari hiyo hukaa kwenye stuli yangu. Kenyatta Market iko hapa pembeni mwa Mbagathi, hatua chache kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta, na wateja wetu wengi ni wauguzi na wanafunzi wa uuguzi. Mteja anayesafiri unamjua kabla hajasema. Anataka rasta ndogo kabisa, zilizobana, za kukaa miezi, kwa sababu ameambiwa kusuka huko ng'ambo ni ghali na msusi haonekani ovyo. Anakuja na dada au mama yake. Anacheka sana mwanzoni, halafu ananyamaza tukifika nyuma ya shingo. Mama hulipa. Tunachovya ncha kwenye maji moto, tunampangusa, anaondoka, na mara nyingi hatumwoni tena.

Na wasiosafiri nao wana ndoto hiyo hiyo. Kwa miaka mingi, kila Oktoba, saiba za mjini zilikuwa zikibandika karatasi dirishani kuhusu bahati nasibu ya green card: picha papo hapo, fomu tunakujazia. Ndoto ya Marekani huotwa zaidi na watu ambao hawajafika Marekani. Huotwa Ngumo, Kibera, Golf Course, Kawangware na Umoja. Mmarekani aliyezaliwa Ohio anaweza kuimba juu yake, lakini ataimba kama mwenye nyumba. Ondara aliimba kama mtu aliyepiga foleni. Kwa hivyo akija mtu kuniuliza wimbo huu una Ukenya gani, namwambia mada yake ni ya Kikenya kuliko nyimbo nyingi zenye bendera kwenye video. Ni wimbo kuhusu sisi, umeimbwa na mmoja wetu, na umekosa tu kuchezwa kwetu.

Ukitaka nikueleze uhodari wake kwa lugha ya kazi yangu, nitasema hivi. Kuna msuko wa siku hizi usio na fundo kwenye shina. Unaanza na nywele za mteja zenyewe, unasokota kidogo, ndipo unalisha rasta ya dukani polepole, kidogo kidogo, hadi jicho lisione pale nywele za mtu zinapoishia na za dukani zinapoanza. Ukianza na ya dukani, inavuta ngozi na kuonekana bandia. Ondara alianza na vyake, yaani hadithi, woga wa mgeni na sauti aliyozaliwa nayo. Gita la Dylan lilikuja kulishwa baadaye. Ndiyo maana halivuti.

Zipo hoja nyingine, nami sitazikwepa. Wanasema aliondoka, kwa nini tumdai? Lakini watu walioondoka ndio hao hao wanaotuma hela zinazolipa karo na kujenga nyumba kila kaunti, na hakuna aliyewahi kuirudisha hela kwa sababu imetoka ng'ambo. Hatuwezi kupokea pesa za walioondoka na kukataa nyimbo zao. Wanasema haichezeki. Jim Reeves naye anachezwa vipi? Huketi tu na soda yako, unasikiliza. Wanasema anaimba Kiingereza. Hapo nakubali nusu. Ningefurahi sana kusikia albamu ya kantri kwa Kiswahili kizuri, yenye lori la Mombasa, mvua ya Molo na mama anayengoja barua. Lugha yetu inasimulia mkasa vizuri kuliko nyingi, na Mukabi alishatuonyesha njia. Lakini sharti hilo tusimwekee Mkenya peke yake. Don Williams hajawahi kuniimbia Kiswahili, na sijamrudisha kwao.

Halafu kuna waliobaki, na kwao ubaguzi huu unauma zaidi. Ondara ana albamu zake na wasikilizaji wake huko aliko, hahitaji huruma yangu. Lakini Nairobi hii ina waimbaji wa kantri. Yuko Sir Elvis, ambaye kwa miaka mingi amejaza kumbi kwa sauti ya George Strait. Yuko Esther Konkara. Tunawaita kwa raha wanapotuimbia nyimbo za Wamarekani, na wanapoanza nyimbo walizotunga wenyewe tunatoka kwenda kuagiza kinywaji. Msanii si mjinga. Akiona makofi yako upande mmoja, atakaa upande huo, na miaka thelathini ijayo tutakuwa bado tunalalamika kwamba Wakenya hawana nyimbo za kantri za kwao.

Kuna pia suala la pesa, nalo linanihusu moja kwa moja. Kisheria, biashara inayocheza muziki mbele ya wateja, iwe baa, hoteli, matatu au kibanda cha kusuka kama changu, inatakiwa kuwa na leseni ya muziki. Mashirika ya kukusanya mirabaha yapo, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, inatakiwa kuyasimamia. Malumbano kuhusu nani anapata kiasi gani yamejaza magazeti, sitayarudia. Nasema tu kwamba sisi wenye vibanda tukilipa ada hiyo huku spika zimejaa marehemu wa Nashville kuanzia asubuhi hadi jioni, hatuna uso wa kusimama na kusema tunawajali wanamuziki wa hapa. Wimbo wa Mkenya usipochezwa, hauna cha kudai. Kuuchagua ni kitendo cha kiuchumi, hata kama aliyeuchagua ni mchoma nyama aliyeshika koleo kwa mkono mwingine.

Watakaosema soko ndilo linaloamua niwakumbushe jinsi Jim Reeves alivyofika hapa. Hakuna Mkenya aliyezaliwa akimjua. Alipigwa Sauti ya Kenya, akapigwa KBC, akaombwa katika salamu, akapigwa tena, mpaka baba zetu wakamfanya jamaa. Hata leo kipindi cha Sundowner cha KBC kinawalea watu kwa nyimbo za zamani za aina hiyo, na ni kazi nzuri. Mazoea yalitengenezwa na watu waliokaa mbele ya maikrofoni na rundo la santuri, wakachagua. Kilichotengenezwa kwa kuchagua kinaweza kurekebishwa kwa kuchagua.

Nina mapendekezo mepesi, ya mtu wa sokoni. Vituo vyenye kipindi cha kantri, na karibu kila kituo kinacho siku ya Jumapili, viweke wimbo mmoja wa Mkenya katika kila nyimbo nne. Mtangazaji aseme jina la mwimbaji kabla ya wimbo na baada ya wimbo, kama anavyofanya kwa wageni. Wenye baa zinazoalika waimbaji wa kantri wawape nusu saa ya nyimbo zao wenyewe, na wawalipe kwa nusu saa hiyo kama kwa zile nyingine. Sisi wenye vibanda tuanze na simu zetu. Mimi nimeshapanga zangu: "American Dream" uko hapo, na "Saying Goodbye", na Mukabi, na zile rekodi za Chemirocha, ambazo wateja wachanga huniuliza nimezipata wapi. Jirani wa nyama anajua kwamba tukibadilishana muziki kwa zamu, zamu yangu siitoi.

Kuna mtangazaji atakayesoma haya na kuguna kwamba hawa waimbaji wa hapa hawajulikani, kwa hivyo akiwacheza atawapoteza wasikilizaji. Bwana, au bibi, hata huyo Jim Reeves aliwahi kutojulikana. Kumjulisha mwimbaji kwa watu ndiyo kazi unayolipwa.